Nani Atakuja Kukuchukua? Vifaa Tisa vya Kuombea Msaada Baharini, Kuanzia Kinachoshika Mkia

Kuna yoti hutia nanga hori ya Kilifi zikiwa na friji mbili, mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, paneli za sola hadi juu ya choo, na baiskeli za kukunja za kwendea sokoni. Muulize mwenyewe bikoni ya dharura iko wapi. "Ipo." Ipo wapi? "Ipo tu, huko chini ya makoti ya mvua." Ilinunuliwa mwaka gani? "Ilikuja na chombo." Na huyo ni mtu mwenye akili timamu, aliyetumia miezi miwili kuchagua rangi ya mito.

Kwa heshima yake nimepanga msimamo wa ligi, kuanzia anayeburuta mkia. Kipimo changu ni swali moja: chombo kikizama maili 400 mashariki ya Mombasa, nani atakuja kukuchukua, na atakuonaje?

Maana kutoka Mombasa hadi Mahé, Shelisheli, ni zaidi ya maili 900 za baharini. Helikopta nyingi za uokoaji zikifika maili 200 hivi kutoka pwani, rubani ameshaanza kutazama geji ya mafuta. Anayekuja huko katikati ni meli ya mizigo iliyokuwa na safari zake, au mvuvi wa jodari aliyeombwa na kituo cha uokoaji ageuze omo. Nahodha huyo hajakujua, hajawahi kukutafuta, na daraja la meli yake liko juu kama ghorofa ya saba. Kichwa chako majini hakimhusu mpaka akione. Mfikirie yeye unapofungua mkoba.

9. Simu ya mkononi

"Nitapiga simu tu." Kwa mnara upi? Mtandao huanza kukatika kabla hujamaliza kuwaaga watu wa ufukweni. Wapo watakaoniambia simu mpya zinaongea na setilaiti. Kweli, Apple walianza na iPhone 14 mnamo Novemba 2022, kwanza Marekani na Kanada, na huduma hiyo hufanya kazi katika nchi zilizoorodheshwa. Kisha inakutaka uielekeze angani kwa utulivu na kujibu maswali machache. Kwenye chelezo kinachorushwa na mawimbi, vidole vimeloa, kioo hakijui kama kinachokigusa ni wewe au bahari.

Ibebe. Ina picha nzuri za pomboo.

8. Fataki, kioo na filimbi

Fataki ya parachuti hupanda mita 300 na kuwaka sekunde 40. Sekunde 40 ndizo anazotumia afisa wa zamu kukoroga sukari kwenye chai yake, akiwa ameipa bahari mgongo. Ziwepo, tena zisiwe zimepitwa na tarehe, ila ni silaha ya dakika ya mwisho: unaziwasha meli ikiwa imeshaonekana, si kwa kuitakia heri mbingu.

7. Bikoni ya zamani ya 121.5

Hapa ndipo penye wauzaji hodari. Pita kwenye yadi yoyote ya mashua kuukuu, utaonyeshwa kikopo cha manjano kilichofifia, kimeandikwa 121.5 MHz ubavuni, na bei yake ni ya kukata kiu tu.

Kilikuwa na enzi zake. Mwaka 1979, katikati ya vita baridi, Marekani, Umoja wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa waliweka sahihi makubaliano ya kusikiliza pamoja vilio vya walio hatarini. Watu waliokuwa wameelekezeana makombora walikubaliana kwamba anayezama ni anayezama. Setilaiti ya kwanza ilikuwa ya Wasovieti, ikarushwa Juni 1982, na Septemba mwaka huohuo ikanasa ishara ya ndege ndogo iliyoanguka British Columbia, Kanada. Watu watatu wakatoka hai. Mfumo ni huu huu tunaouita Cospas-Sarsat, na mpaka leo haumtozi mtu senti kwa kumsikiliza.

Ubaya wa 121.5 ni kwamba ni mlio mtupu, hauna jina wala anwani. Setilaiti ilisikia kitu kinalia na haikujua ni nani, ndege au mashua, kweli au mzaha. Oktoba 2004, mjini Corvallis, jimbo la Oregon, waokoaji waliufuata mlio huo hatua kwa hatua hadi mlangoni kwa kijana mmoja aliyekuwa ametulia nyumbani kwake. Aliyekuwa akiomba msaada ni televisheni yake. Akaambiwa akiiwasha tena faini ni dola 10,000 kwa siku, adhabu ambayo wazazi wengi wangependa kuiazima.

Basi tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kabisa kusikiliza masafa hayo. Ndege za uokoaji bado huufuata mlio wa 121.5 katika maili za mwisho, na kila bikoni ya kisasa huutoa pembeni ya kazi yake kuu. Lakini kikopo kisicho na kingine ila huo, mbele ya setilaiti ni bubu. Kama unatafuta kitu cha kuzuia mlango usijifunge, mawe ni ya bure.

6. Bikoni nzuri, ya kisasa, ya mtumba

"Ndugu yangu, hii haijatumika hata siku moja!"

"Hata majeneza ya dukani hayajatumika."

Muuzaji huenda anasema kweli. Kifaa ni cha megahezi 406, masafa ambayo setilaiti husikiliza leo, kizuri, jina kubwa. Geuza ubavu sasa usome lebo. Kwanza tarehe ya betri: hudumu kati ya miaka 5 na 10 kutegemea aina, na nyingi haziruhusu ubadilishe mwenyewe na bisibisi ya jikoni, maana fundi aliyeidhinishwa lazima abadilishe na mpira wa kuzuia maji, kisha aupime. Piga hesabu ya fundi huyo na ya kuisafirisha bikoni hadi kwake, ambayo ndege nyingi huibeba kwa masharti kwa sababu ya betri ya lithiamu, uone umebakiwa na nafuu gani.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kuna namba ya herufi na tarakimu 15. Ndani yake mmefichwa nchi ya bikoni. Kenya ni 634, Tanzania ni 674 na 677, Uingereza ina zake. Bikoni iliyofungwa kwa namba ya Uingereza ikilia karibu na Aldabra, simu ya kwanza italia Uingereza, kwa bwana aliyekuuzia chombo miaka mitatu iliyopita. Ataipokea akiwa bustanini, atasema yuko salama, mkewe salama, asante sana kwa kujali. Na waokoaji wataanza kujiuliza kama wewe ni ajali au hitilafu.

Inaweza kuandikwa upya na kusajiliwa upya, sikatai. Kama muuzaji atakuhakikishia hayo kwa maandishi, ipande hadi nafasi ya nne. Vinginevyo wahenga walishasema: rahisi ghali.

5. Kifaa cha AIS cha mtu aliyeanguka

Hiki ni kidogo, hufungwa ndani ya jaketi okozi, na jaketi likijaa upepo kinajiwasha. Kinatangaza mahali ulipo kwa AIS, ule mfumo unaomwonyesha nahodha vyombo vya jirani kwenye skrini. Utatokea kwenye skrini ya chombo chako mwenyewe kwa namba inayoanza na 972, na mwenzako atajua ageukie wapi. Kila mtu aliyemo chomboni awe nacho, hasa wale mabwana wanaoamini kwamba choo cha yoti ni cha wageni na wao wanasimama tezini usiku bila kujifunga kamba.

Upeo wake ni maili chache tu. Chombo kikiwa ndicho kilichokwenda chini, na hakuna meli karibu, utakuwa unaitangazia skrini iliyoko sakafu ya bahari.

4. Vifaa vya ujumbe kwa setilaiti, pamoja na ndugu yao Starlink

Hapa ndipo penye ugomvi, kwa sababu vijana wanavipenda na wana haki. inReach ya Garmin hutumia setilaiti za Iridium, zinazofunika dunia nzima bila kubagua bahari. Unaandika, unajibiwa. Ukivunjika mguu baina ya Comoro na Nosy Be, maneno mawili ya daktari yanafaa kuliko bikoni yoyote, maana bikoni haijui kueleza kwamba chombo ni kizima, ila mfupa ndio umetokeza. SPOT, kifaa kingine cha aina hiyo, hupita kwa Globalstar, ambayo ramani yake ina mapengo, kwa hiyo itazame ramani hiyo kabla ya kulipa na si baada ya kuondoka.

Malalamiko yangu ni matatu. Kina ada ya mwezi, na siku kadi ya benki inapogoma ni siku ileile bahari inapogoma. Kinahitaji chaji, na wewe ndiye uliyekitumia wiki nzima kumtumia mkweo salamu. Na ukibonyeza SOS ya inReach, anayepokea ni kituo cha kampuni huko Texas, ambacho ni makini, lakini ni kituo cha kati: nacho lazima kitafute kituo cha uokoaji cha eneo ulilopo na kianze kueleza upya. Cospas-Sarsat inaingia moja kwa moja ofisini kwa wenye kazi.

Kuhusu Starlink: intaneti yake ni nzuri mpaka inatia uvivu. Lakini inakula umeme wa chombo, na maji yakijaa ngama kinachokufa kwanza ni betri. Siku ya kuzama utabaki na sahani nyeupe ya kupakulia wali.

Ningebeba kimoja cha aina hii bila kusita, kiwe msaidizi. Msaidizi hapandishwi kuwa nahodha kwa sababu anajua kuchati.

3. PLB, bikoni ya mtu binafsi

Sasa tumeingia kwa wakubwa. PLB hutumia megahezi 406 ileile, setilaiti zilezile, bila ada ya mwezi, na inaingia mfukoni. Bei yake ni dola 250 hadi 450 hivi. Inasajiliwa kwa jina la mtu, kwa hiyo unaweza kwenda nayo kwenye ngalawa ya rafiki, kwenye kayaki, hata ukipanda Mlima Kenya.

Kwa anayetembea pwani, Tanga hadi Pemba, Dar hadi Unguja, Lamu hadi Kiwayu, PLB nzuri kwenye jaketi okozi inatosha, na sitakushawishi utumie zaidi. Mkondo wa Pemba ni mkali na unakusukuma kaskazini bila kukuuliza, lakini nchi kavu iko karibu na hesabu ya waokoaji ni ya saa.

Ukivuka bahari kuu mambo yanabadilika. Betri yake inatakiwa kudumu angalau saa 24, nusu ya ile ya dada yake mkubwa, EPIRB, tutakayemfikia. Haijiwashi. Lazima uikunjue antena kwa mikono yako na uishike ikitazama juu, nje ya maji, saa baada ya saa. Jaribu kushika kijiko wima mkononi wakati mtu anakumwagia ndoo ya maji ya chumvi usoni, kisha fikiria kufanya hivyo mpaka kesho saa kama hii. Nyingine hazielei bila mfuko wake wa kuelea, na mfuko huo ndio watu huuacha ndani ya boksi pamoja na kitabu cha maelekezo.

Halafu kuna swali la ndoa: watu wanne, PLB moja, nani anaivaa? Usinijibu mimi, wajibu wao.

2. EPIRB ya kujifyatua

EPIRB ni bikoni ya chombo chenyewe, na zipo za aina mbili. Hii ya kwanza hukaa kwenye kasha juu ya sitaha, na kasha lina springi pamoja na kifaa kinachohisi shinikizo la maji. Chombo kikizama na kasha likafika kina cha kati ya mita 1.5 na 4, shinikizo linakata kizuizi, kifuniko kinaruka, bikoni inaelea juu na kuanza kupiga mayowe bila ya mtu kuiambia. Kwa meli au trola ni akili kubwa, maana mabaharia wanaweza kuwa wamelala.

Muuzaji atakwambia "ya kujifyatua ni bora kuliko ya mkono" na atakuwa na sura ya mtu anayekujali. Muulize yoti huzamaje. Nyingine hazizami vizuri, hupinduka. Mlingoti umevunjika, nyaya zimetapakaa, tanga limelala majini limefunika kila kitu, na bikoni inayopanda kwa furaha inakutana na tanga hilo na kubaki chini yake. Hali ya katamarani ni mbaya zaidi. Ikipinduka haizami, inaelea tumbo juu siku nyingi, na kasha lililofungwa juu ya paa litamwachia mfungwa wake chini ya sakafu ya chombo, ambako hakuna setilaiti itakayomwona. Ongeza wimbi linalofagia sitaha na kulifyatua kasha mchana kweupe, wakati nyinyi mnakula ugali.

Tena kile kifaa cha shinikizo hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Tarehe imeandikwa juu yake waziwazi, na jua la kwetu halina subira na plastiki.

Hata hivyo inabaki ya pili, kwa sababu ni EPIRB, na EPIRB iliyofungwa vibaya bado inazidi kifaa kizuri kilichosahaulika nyumbani. Chombo kikiwa kikubwa, cha chuma, na wavuvi au wafanyakazi wengi ndani, ibadilishe nafasi na inayofuata.

1. EPIRB ya kuwasha kwa mkono, yenye GNSS na AIS

Ni kitu cha manjano chenye urefu wa shubiri na ushei, antena imekunjwa kichwani, taa ya kumulika juu, na kamba imeviringishwa kiunoni. Bei: dola 400 hadi 1,000, kutegemea vilivyomo. Inakaa kwenye kishikizo ukutani, ndani, karibu na ngazi ya kutokea, mahali ambapo mkono unaifikia mtu akiwa anakimbia kwenda juu. Kishikizo kina sumaku inayoizuia isijiwashe. Ikitoka kwenye kishikizo na ikagusa maji, inaanza yenyewe. Au unavunja kizibo, unasukuma kifuniko na kubonyeza. Ndiyo maana makazi ya "chini ya makoti ya mvua" ni mabaya mara mbili: siku ya shida huipati, na siku isiyo ya shida makoti yakichuruzika, kituo cha uokoaji kinaamshwa na nguo zako.

Ikishawaka, kila baada ya sekunde 50 hivi inatoa ishara ya nusu sekunde yenye nguvu ya wati 5. Ndani ya nusu sekunde hiyo mna namba yake na mahali ulipo. Betri inatakiwa kuhimili angalau saa 48 hata katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ambayo mtu wa Lamu huiona kwenye friji tu. Inaelea wima yenyewe. Mikono yako inabaki huru kwa kazi nyingine, kama kukamua maji na kulaumiana.

GNSS, yaani kipokezi cha GPS na wenzake, usiikwepe. Zamani setilaiti za obiti ya chini zilikokotoa mahali pako kwa namna masafa yalivyobadilika zikikupita juu, na kosa lilikuwa kama kilomita 5, baada ya kungoja setilaiti ipite. Leo vipokezi vimepandishwa kwenye setilaiti za GPS, Galileo na GLONASS, kwa hiyo unasikika ndani ya dakika chache. Bikoni yenye GNSS inataja ilipo kwa kosa la mita mia moja hivi.

Sasa turudi kwa yule nahodha wa meli ya mizigo, kwani ndiye anayenifanya niseme AIS ni lazima. Juni 2010 Abby Sunderland, msichana Mmarekani wa miaka 16 aliyekuwa akizunguka dunia peke yake, alivunjikiwa mlingoti kusini mwa Bahari ya Hindi, mbali na kila kitu. Aliwasha bikoni mbili. Waaustralia walikodi ndege kubwa ya abiria ya Qantas kutoka Perth ikamtafute, na ikampata. Lakini ndege haina kamba ya kumvuta mtu. Aliyemchukua siku mbili baada ya ajali ni meli ya wavuvi wa Kifaransa, Ile de la Réunion. Yoti yake, Wild Eyes, ilionekana ikielea karibu na pwani ya Australia Kusini mwishoni mwa 2018, bila kuomba msaada wa mtu.

Tazama pia Kevin Escoffier katika mashindano ya Vendée Globe, tarehe 30 Novemba 2020. Mashua yake ilikunjika kwenye wimbi, zaidi ya maili 800 kusini magharibi mwa Cape Town, na akaruka kwenye chelezo. Jean Le Cam, mzee wa miaka 61 aliyekuwa akishindana naye, akageuza kumfuata. Alimfikia, akamwona kwa macho, wakazungumza. Kisha akampoteza. Mawimbi marefu, giza likaingia, na mtu aliyekuwa mita chache tu akayeyuka. Alimpata tena usiku wa manane, saa kumi na moja na ushei baada ya ajali, kwa sababu aliona taa ikimetameta kwenye wimbi.

Hapo ndipo penye kiini. Setilaiti ikitaja mahali ulipokuwa dakika tano zilizopita, upepo na mkondo vimeshakuhamisha. Mlio wa 121.5 unafuatwa na ndege na vyombo vya uokoaji, lakini meli ya kontena au ya wavuvi kwa kawaida haina kifaa cha kuufuata. AIS inayo. Bikoni yenye AIS inakuweka kwenye skrini yake, kwa namba inayoanza na 974, na kila unaposogea nayo inasogea. Si ajabu kwamba tangu tarehe 1 Julai 2022 EPIRB mpya zinazofungwa kwenye meli za kimataifa lazima ziwe na AIS. Yoti yako hailazimishwi na sheria hiyo. Inalazimishwa na urefu wa mawimbi.

Kuna nyongeza nyingine inayouzwa kwa mbwembwe: huduma ya Galileo ya kurudisha jibu, iliyoanza Januari 2020. Taa kwenye bikoni inakuambia mfumo umekusikia. Nchi nyingine haziiruhusu kwa bikoni zao, kwa hiyo uliza kwanza. Na uielewe vizuri: ni tiki mbili za buluu, si jibu. Haina maana kwamba meli imeshageuza. Lakini kwa mtu aliyekaa ndani ya chelezo gizani, najua ningezitazama tiki hizo usiku kucha.

Mambo mawili ya mkono. Ile kamba ya kiunoni ifungwe kwenye chelezo au kwako mwenyewe, kamwe isifungwe kwenye chombo. Nahodha aliyeifunga kwenye chuma cha omo "isipotee" ameituma kilindini kwa kamba ya kiwandani. Na jaribio la mwezi hufanywa kwa kitufe cha jaribio, si kwa kuiwasha kweli ili watoto waone taa.

0. Fomu

Ndiyo, hesabu inafika sifuri, na sifuri ndiyo bingwa. Bikoni ya dola 1,000 isiyosajiliwa ni televisheni ya Corvallis yenye bei mbaya. Ishara ikitua kituoni, mtu wa kwanza kutafutwa ni aliyeandikwa kwenye fomu: chombo gani, rangi gani, watu wangapi, kiko safarini kweli au kimefungwa gatini? Jibu la simu hiyo ndilo huamua kama meli inaombwa kugeuza sasa hivi au baada ya maswali mengi. Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji tangu 2006, na Dar es Salaam kipo chake. Watu wa huko hawana njia ya kujua kwamba yoti yako ni nyeupe yenye mstari wa buluu usipowaandikia mahali.

Andika namba za watu wawili walioko nchi kavu. Usiandike ya mkeo kama mkeo ndiye aliyeshika usukani. Simu yake nayo itakuwa inaogelea. Wawe ni watu wanaopokea simu usiku wa manane wakiona namba ngeni ya nje, na mtu wa aina hiyo ni adimu kuliko setilaiti. Waachie ratiba ya safari: bandari, tarehe, idadi ya watu, rangi ya chelezo.

Bendera ya Kenya, anzia Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni mamlaka yao ya usafiri baharini. Kama nchi ya bendera yako haina daftari lake, Cospas-Sarsat wamefungua daftari la kimataifa la usajili kwenye intaneti, IBRD, tangu Januari 2006. Ukiiwasha bikoni kwa bahati mbaya, izime kisha upige simu kituoni papo hapo useme. Hawatakupigia kelele nusu ya watakavyopiga wakikutafuta bure mpaka alfajiri. Ukibadilisha namba ya simu, badilisha na huko. Ukiuza chombo, futa jina lako kabla mnunuzi hajang'oa nanga. Kwenye IBRD kujisajili ni bure.